Setifiketi imesainiwa hujalipwa, halafu wanataka kukukata fidia ya kuchelewa. Haki iko wapi kwenye mikataba ya ujenzi ya serikali?

Kokoto Nyeusi #1
Wakuu salaam. Nina kampuni ndogo ya ujenzi, tumesajiliwa CRB (bodi ya makandarasi) madaraja ya chini huku. Tulishinda tenda kupitia NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni, jengo la wagonjwa wa nje kwenye halmashauri moja (jina naliacha, bado nahitaji kula). Setifiketi ya kwanza, yani hati ya malipo ya kazi iliyofanyika, walilipa fresh kabisa. Ya pili msimamizi wa mradi kasaini toka mwezi wa tatu, mpaka leo hola. Nikienda kwa mweka hazina naambiwa fedha haijashuka kutoka Hazina, nikienda kwa mhandisi ananiuliza mbona saiti mafundi wamepungua. Mafundi nitawalipa na nini?

Sasa wiki hii nimepokea barua kwamba muda wa mkataba unakaribia kwisha, siku ikipita tu fidia ya ucheleweshaji inaanza kukatwa, 0.1% ya bei ya mkataba kila siku. Yani wao hawajanilipa halafu mimi ndo nimechelewa! Mimi nashikilia kwamba hii mikataba imeandikwa kumlinda mwenye kazi tu, hatari zote anatwishwa mkandarasi. Kama kuna anayebisha aje.

Naweza kusimamisha kazi? Niende mahakamani? Kuna mtu kanitisha kwamba ukiishtaki serikali sahau tenda maisha yako yote.

Fundi Maiko #2
Ngoja waje wasomi. Mimi nimekaa na karanga zangu hapa.

Nondo16 #3
Mkuu simamisha kazi leo hii. FIDIC, ile mikataba ya kimataifa ya ujenzi, kifungu cha 16.1 kinakupa haki hiyo, unaandika notisi ya siku 21 unapunguza kasi au unasimama kabisa. Na riba unadai juu. Wakandarasi wa kibongo waoga sana, ndo maana Wachina wanatupiga bao, wao barua ya madai inatoka kabla hata ya greda kufika saiti.

QS Mstaafu Mtarajiwa #4
Nondo16 unampotosha mwenzio. FIDIC ipo kwenye barabara kubwa na miradi ya wafadhili huko, jengo la halmashauri linatumia fomu za PPRA, mamlaka ya manunuzi ya umma. Na fomu za kazi ndogo na za kati zimefanana sana na zile za kazi ndogo za Benki ya Dunia, ambazo humo haki ya kusimamisha kazi kirahisi kama 16.1 huikuti.

Mleta uzi fungua masharti ya jumla na yale maalumu, usisome barua waliyokuandikia, soma mkataba. Kwenye hizo fomu mwenye kazi anatakiwa alipe ndani ya siku 28 toka tarehe ya setifiketi, akichelewa analipa riba. Ikifika siku 84 setifiketi haijalipwa huo unahesabika uvunjaji wa msingi wa mkataba, unaweza kuvunja. Hizo namba hakikisha kwenye wa kwako maana masharti maalumu huwa yanabadilisha mambo.

Sasa sehemu chungu ambayo wengi hawaioni. Kuna orodha ya matukio ya fidia, yanayokupa muda na hela: kutokupewa saiti kwa wakati, michoro kuchelewa, ardhi kuwa mbaya kuliko ilivyotarajiwa, malipo ya awali kuchelewa. Setifiketi za kawaida kuchelewa kulipwa haimo wazi wazi kwenye orodha! Dawa yake waliyoweka ni riba tu. Kwahiyo mhandisi wako anaweza kukwambia riba tutakupa, muda hatukupi, fidia ya kuchelewa tunakata. Na kwenye karatasi ana hoja.

Kokoto Nyeusi #5
QS Mstaafu umeniumiza tumbo. Kwahiyo riba ya milioni mbili tatu huku wananikata laki nne kwa siku? Mkataba ni milioni mia nne na kitu.

QS Mstaafu Mtarajiwa #6
Ndo hesabu hiyo. Tuseme 400 kamili, 0.1% ni laki nne, ukomo ukiwa 10% basi siku ya mia umeshakatwa milioni 40, faida yote kwaheri. Na ukomo ukifika ni sababu ya wao kukuvunjia mkataba na kudai benki iwalipe ile dhamana ya utendaji uliyoweka.

Wakili wa Kijiweni #7
QS hapo kwenye muda nakupinga. Kuna kanuni ya zamani kwenye sheria za mikataba za Kiingereza tulizorithi, mtu hawezi kunufaika na kosa lake mwenyewe. Kama mwenye kazi ndiye kamzuia mkandarasi kumaliza, hawezi kumkata fidia kwa kuchelewa huko huko. Ishu ni ushahidi kwamba kilichochelewesha ni kukosa hela na si uzembe.

Kuhusu mahakama: kabla ya 2020 halmashauri ilikuwa inashtakiwa yenyewe kama yenyewe. Marekebisho ya sheria ya 2020 yaliziingiza halmashauri, wakala na mashirika kwenye Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali. Maana yake unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu hata kama unadai hela ya bodaboda. Atakayekuja kupambana na wewe ni ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali iliyoanzishwa 2018, na wale jamaa wako vizuri, usiende na wakili wa talaka.

Na hata kabla ya hapo, mkataba wako lazima una kifungu cha usuluhishi. Ukirukia mahakamani watasimama siku ya kwanza wataomba shauri lisimame mkamalize kwanza kwa mwamuzi na msuluhishi kama mlivyokubaliana. Sheria ya Usuluhishi ya 2020 iko upande wao hapo.

Mtoto wa Greda #8
Siku 90 😂😂 mpaka zifike mafundi wa mleta uzi wameshaoa na kuachana.

Fundi Maiko #9
Akishinda si anakamata tu gari la Mkurugenzi? V8 moja deni limeisha.

Wakili wa Kijiweni #10
Fundi Maiko huwezi. Mali ya serikali haikamatwi kutekeleza hukumu, unapewa hati ya amri unaipeleka kwa Afisa Masuuli, yule anayesimamia matumizi, unakaa unasubiri aiweke kwenye bajeti.

Nondo16 #11
Acheni uongo, mbona ndege ya ATCL ilikamatwa kwa deni la barabara? Mali ya serikali ile au ya shangazi yangu?

Mtoto wa Greda #12
Ile ndege aliikamata mkulima wa Afrika Kusini mkuu, mambo ya mashamba, haihusiani na barabara.

Bi Mkandarasi #13
Mnachanganya ndege jamani, kukamatwa kulikuwa zaidi ya mara moja. Bombardier Q400 iliyozuiwa Canada 2017, ile Lissu aliyoitangaza mwezi wa nane, ndiyo ya mkandarasi. Stirling Civil Engineering, deni la barabara ya Wazo Hill hadi Bagamoyo, wakashinda kwenye usuluhishi, hela haikulipwa, riba ikapanda mpaka zikatajwa dola kama milioni 38. Ndege ikaja kutua Dar mwezi wa nne 2018. Ya mkulima ni Airbus iliyozuiwa Johannesburg mwezi wa nane 2019. Halafu 2022 kuna Airbus nyingine Uholanzi, hiyo ni Wasweden wa mradi wa sukari Bagamoyo. Kwahiyo Nondo16 yuko sahihi kuhusu barabara, Mtoto wa Greda yuko sahihi kuhusu mkulima, ila mnaongelea ndege mbili tofauti.

Nondo16 #14
Asante Bi Mkandarasi. Mtoto wa Greda omba radhi kwa lita moja ya dizeli.

Wakili wa Kijiweni #15
Na tofauti ni hii: kinga ninayosema ni ya mahakama za hapa ndani. Nje ya nchi tuzo ya usuluhishi, yani uamuzi wa msuluhishi, inatembea kwa Mkataba wa New York wa 1958, Tanzania tumo toka 1964. Mwenye tuzo anatafuta mali ya mdaiwa kwenye nchi yoyote inayokubali mkataba huo, mali ya biashara hasa, anaomba mahakama ya huko izuie. Mleta uzi halmashauri yako ina ndege Canada?

Kokoto Nyeusi #16
Ina pikipiki mbili za maafisa ugani mkuu, na moja haina tairi la nyuma.

Bi Mkandarasi #17
Tuache ndege. Mimi nafanya kazi za barabara za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na majengo kidogo, na nitasema kitu ambacho wanaume humu hawapendi kusikia: wakandarasi wengi tunapoteza haki kwenye karatasi, mahakamani ni kwenda kuthibitisha tu kwamba ulishapoteza. Barua hatuandiki. Tunaona aibu eti tutamkasirisha mhandisi, tunapiga simu, tunatuma voisi kwenye grupu la WhatsApp la mradi.

Kampuni niliyoanzia kazi, bosi wangu alikuwa na barabara ya changarawe wilaya fulani. Akaja kiongozi mmoja na msafara, akasimama pale penye bonde, wananchi wakalalamika maji yanaingia kwenye nyumba, kiongozi akasema "mkandarasi, hapa ongeza kalvati, na kule mbele ongeza nyingine". Makofi. Mhandisi yupo pale pale anatikisa kichwa kukubali. Bosi akaweka kalvati mbili, mistari mitatu mitatu ya mabomba ya sentimita 90, na kuta zake za mawe na kifusi kizuri tu. Setifiketi ilipokuja kalvati hazimo. Maelekezo ya maandishi yako wapi? Hakuna. Kwenye kitabu cha saiti siku ile imeandikwa "Ugeni. Hali ya hewa nzuri." Basi. Zipo mpaka leo zinapitisha maji, bosi hajaonja hata mia.

Kwahiyo mimi sasa hivi mgeni akiondoka tu, jioni ile ile naandika barua: kufuatia maelekezo ya leo naomba uthibitisho wa maandishi na makadirio ya gharama ni haya. Naipeleka mwenyewe masjala na nakala yangu. Dada wa masjala akisema iache tutakupigia, siondoki, nakaa kwenye benchi mpaka agonge muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe juu ya nakala yangu. Wananiita mama barua. Poa tu.

Mhandisi wa Wilaya #18
Nimesoma nikasema nisijibu ila imebidi. Mimi niko upande wa pili, mwajiriwa wa halmashauri (sio ya mleta uzi, au labda ndiyo, hahaha).

Mnaongea kana kwamba sisi tunafurahia kuchelewesha. Fedha ya mradi inatoka juu, ikishuka inaingia kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, na kifungu chake, siwezi kuchukua ya shule nikakulipa ya zahanati. Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa, fedha ambayo haijatumika inaweza kurudi ianze kuombwa upya, kwahiyo setifiketi ya mwezi wa tano au wa sita ni kamari kwa kila mtu. Na riba mkidai CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anatuandikia hoja sisi, kila mwaka ripoti zake zinapiga kelele kuhusu riba zilizolipwa kwa kuchelewesha wakandarasi. Hakuna mkurugenzi anayetaka hoja hiyo.

Sasa na nyie. Mtu anaweka bei ya kutupa ili apate tenda, chini ya makadirio mpaka unashangaa saruji anainunua sayari gani. Anapewa malipo ya awali, wiki ya pili yuko na gari jipya, saiti kaacha mafundi wawili na mlinzi. Ukimwandikia anakujibu mvua. Ukimuuliza rekodi ya mvua hana. Mkuu Kokoto Nyeusi, sikusemi wewe, lakini kabla hujasema hatari zote mnatwishwa nyie, uliza setifiketi ya kwanza ilipolipwa vizuri kazi ilisogea asilimia ngapi.

Kokoto Nyeusi #19
Mhandisi nimekuheshimu. Setifiketi ya kwanza ilipolipwa tulimaliza linta na tukaanza kupaua, picha ninazo. Gari langu ni Noah ya zamani na iko gereji.

Mtoto wa Greda #20
Hapo kwenye mvua nina neno. Watu wanadhani mvua yoyote inakupa muda. Haikupi. Inabidi iwe ya kupita kiasi kwa msimu na eneo lile, yani uchukue takwimu za TMA (mamlaka ya hali ya hewa) za kituo cha karibu miaka kadhaa nyuma ulinganishe. Mvua za El Niño za 2023 kwenda 2024 waliokuwa na takwimu walikuwa na pa kushika, waliopeleka picha ya dimbwi waliambiwa masika yako kwenye kalenda, ulipokuwa unaweka bei hukujua?

Mpwa wa Mombasa #21
Poleni ndugu zetu wa Bongo, ila mkija huku Kenya mtaona yenu ni afadhali. Hapa tunaita pending bills, madeni ambayo serikali haijalipa, na kuna wakandarasi wamepigwa mnada nyumba zao wakingoja kaunti iwalipe. Sheria yetu pia, kifungu cha 21 cha Government Proceedings Act, hauwezi kukamata mali ya serikali. Unapata certificate of order, unarudi kortini kuomba mandamus, amri ya kumlazimisha afisa alipe, asipolipa unamwendea afisa mhusika kwa kudharau korti, hapo ndipo wengine huamka. Mwaka wa 2025 serikali kuu ilibidi ichukue shilingi 7 katika ile 25 ya ushuru wa mafuta iuze kama bondi ilipe wakandarasi wa barabara, deni lilikuwa kama bilioni 175. Kwa hivyo si shida ya barua pekee dada Bi Mkandarasi. Watu walikuwa na barua zote na setifiketi zote. Pesa hakuna.

Bi Mkandarasi #22
Sikatai Mpwa. Ila bondi ilipokuja alilipwa nani, mwenye setifiketi au mwenye voisi za WhatsApp?

Mpwa wa Mombasa #23
Hapo umenipata dada 😀

QS Mstaafu Mtarajiwa #24
Kuna chanzo hamjakigusa kabisa: tenda zinatangazwa bila kupima udongo. BoQ, ile orodha ya kazi na vipimo vyake, inasema kuchimba msingi udongo wa kawaida mita za ujazo kadhaa, mnafika mita moja mnakuta mwamba, au maji yanajaa shimo usiku kucha. Kijiko hakiwezi, unatafuta nyundo ya kuvunjia. Hiyo ni hatari ya nani? Mkataba unasema mkandarasi anachukuliwa kuwa amekagua saiti. Lakini kukagua ni kutembea juu ya majani, siku chache za kuandaa zabuni utachimba wapi. Wenye kazi wangetumia hela kidogo mwanzoni kwa uchunguzi wa udongo, migogoro mingi isingezaliwa. Mimi ndo naamini mzizi uko hapo kuliko kwenye malipo.

Mhandisi wa Wilaya #25
QS bajeti ya uchunguzi huo tunaomba kila mwaka, inakatwa ya kwanza.

Fundi Maiko #26
Ndo maana serikali ikahamia fosi akaunti, halmashauri inajenga yenyewe bila mkandarasi, sisi mafundi wa mtaani tunalipwa kila hatua, hakuna cha kalvati za makofi.

Nondo16 #27
Fosi akaunti na yenyewe mafundi wangapi wanadai mpaka kesho, na hawana hata dhamana wala kifungu cha kushtakia. Usihamishe mada Maiko.

Msela wa Leeds #28
Niko Uingereza nafanya ofisi ya QS, wakadiriaji wa gharama za ujenzi. Huku sheria ya 1996 inasema karibu mgogoro wowote wa mkataba wa ujenzi unaweza kwenda kwa mwamuzi wakati wowote, uamuzi unatoka ndani ya siku 28, unalipwa kwanza mengine mtabishana baadaye. Ni haki ya kisheria hata kama mkataba haukuandika. Huko nyumbani mwamuzi yupo kwa sababu mkataba umemtaja, siku mkataba usipomtaja umeumia. Wabunge wangepeleka sheria ya namna hiyo halmashauri zingelipa zenyewe.

Wakili wa Kijiweni #29
Msela sheria hiyo huku ingegonga ukuta ule ule, uamuzi upo halafu unautekelezaje dhidi ya serikali? Kasi ya uamuzi siyo tatizo, tatizo ni mfuko. Ila nakubali kwamba uamuzi mkononi ni tofauti na malalamiko mkononi, hata benki ukienda nao wanakusikiliza.

Kokoto Nyeusi #30
Wakuu nimekaa na mkataba usiku. Majibu: malipo ni siku 28 kama QS alivyosema. Riba ipo. Mwamuzi: pale pa jina pameachwa wazi, pameandikwa tu atateuliwa. Barua za kuomba muda sijapeleka, nimepeleka ya kukumbushia malipo, ina muhuri. Na kwenye WhatsApp nina meseji ya msimamizi wa mradi anasema "vumilia, najua hela ndo inakuchelewesha". Hiyo inasaidia?

QS Mstaafu Mtarajiwa #31
Jina kuwa wazi siyo mwisho, angalia masharti maalumu nani mamlaka ya uteuzi, mara nyingi ni Baraza la Taifa la Ujenzi. Ila cha haraka ni ombi la kuongezewa muda, liende KABLA tarehe ya kumaliza haijapita. Hizo fomu zinampa msimamizi siku 21 za kuamua. Na kuna kipengele kibaya, ukishindwa kutoa tahadhari mapema ucheleweshaji uliotokana na ukimya wako hauhesabiwi. Ile barua yako yenye muhuri ishikilie kama cheti cha kuzaliwa.

Wakili wa Kijiweni #32
Meseji ni dhahabu mkuu, usifute, usibadilishe simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za namna hiyo. Msimamizi mwenyewe kakiri chanzo.

Mhandisi wa Wilaya #33
Chanzo kakiri, notisi haijatolewa. Mkataba unasema taarifa kwa maandishi kwenye anuani iliyotajwa. Ningekuwa mimi naamua ombi lake ningeandika hivyo, na Mwanasheria wa halmashauri angenipongeza.

Wakili wa Kijiweni #34
Na mimi ningekupeleka kwa mwamuzi ukamweleze kwanini ulikuwa unajua hela ndo inachelewesha ukanyamaza ukaanza kukata laki nne kwa siku.

Bi Mkandarasi #35
Nyie bishaneni. Kokoto Nyeusi kesho asubuhi barua tatu: ombi la muda, dai la riba na hesabu yake, na taarifa kwamba una mgogoro kwa mujibu wa kifungu namba fulani. Ambatanisha picha za linta na paa zenye tarehe, na hiyo meseji ichapishe. Kusimamisha kazi usithubutu, punguza mafundi, ila mtu mmoja asikose saiti na kitabu cha saiti kijazwe kila siku, hata siku hakuna kilichofanyika andika hakuna kilichofanyika na kwanini.

Nondo16 #36
Na kuhusu kunyimwa tenda baadaye mbona hamumjibu? Hilo ndo linatisha watu kuliko vifungu vyote.

Bi Mkandarasi #37
Kwa mujibu wa sheria kudai haki yako siyo sababu ya kukunyima tenda, kinachokufungia ni mambo kama kutelekeza kazi au kughushi. Kwa mtaani... Mhandisi wa Wilaya yupo hapa, ajibu mwenyewe.

Fundi Maiko #38
Mhandisi yuko mtandaoni namwona, anaandika anafuta, anaandika anafuta 😂

Mhandisi wa Wilaya #39
Niko kikaoni.